Fundi wa Bidoni na Haja ya Mama Yake

Katika mtaa wa Lumumba, mjini Bunia, mashariki ya Kongo, alikuwako mtu aliyekula kwa kuziba vilivyotoboka. Jina lake Théodore. Ukimpelekea bidoni, yaani dumu la plastiki, iliyopasuka, beseni lililokatika ukingo au kiti cha plastiki kilichovunjika mguu, alikitazama kwanza kimya kama daktari, kisha akakiweka chini ya meza yake na kukuambia upitie jioni. Kazi yake haikuhitaji vyombo vingi. Alikuwa na jiko la makaa, visu viwili visivyokata tena, na gunia la vipande vya plastiki vya kila rangi. Kisu alikichoma mpaka kikawa chekundu, akayeyusha kipande juu ya ufa, akalainisha kwa kidole gumba alichokilowesha kwa ulimi. Vidole vyake vilikuwa vimeota sugu, havikusikia moto tena.

Alikuwa amevuka miaka arobaini kidogo. Alikuwa na mke, Angèle, na watoto watatu. Hakuwa mtu wa maneno, na watu walimpenda kwa hilo, kwa sababu katika miaka ile maneno ya Bunia yalikuwa yanauliza sana: wewe kabila gani, mama yako katoka wapi, ndugu yako yuko upande upi. Théodore hakuuliza. Bidoni, alisema, haina kabila. Ina tundu au haina.

Mwezi wa nane wa mwaka 2002 vita viliingia mjini penyewe. Mama yake Théodore, Mama Hortense, aliishi peke yake mtaa wa Saio. Aliposikia risasi alitoka mbio pamoja na majirani, na katika kukimbia akaanguka ndani ya mtaro, akavunjika mfupa wa nyonga. Walimleta kwa mwanawe wakiwa wamembeba juu ya mlango uliong'olewa. Wiki hiyo hiyo Angèle alifunga mizigo. Watu walikuwa wakienda Beni kwa miguu, kwa makundi.

"Twende wote," Angèle alisema.

"Mama hawezi hata kukaa. Wewe nenda na watoto. Mimi nitabaki naye."

"Utaweza kumuangalia? Weye ni mwanaume, yeye ni mama yako."

"Nitaweza."

Angèle alimtazama, akaendelea kufunga mizigo. Alikuwa anajua anachokijua mwanamke yeyote aliyewahi kuuguza mtu wa kitandani, kwamba kumlisha si kazi, kazi ni yale mengine. Na kwao mtoto wa kiume haoni uchi wa mama yake. Si sheria iliyoandikwa mahali. Ni kitu ambacho mtu anakua nacho kama jina lake.

Angèle alipoondoka na watoto, kwa bahati alikuwako jirani, Pétronille, mjane aliyeuza sombe, majani ya muhogo, sokoni. Alikuja kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, na jioni akirudi. Aliingia chumbani kwa Mama Hortense, akafunga mlango, na Théodore akatoka nje hadi kwenye meza yake, akajitia kupanga vipande vya plastiki vilivyokuwa vimepangwa tayari. Pétronille alimnyanyua mama, akampitishia beseni, akamwosha, akambadilisha nguo, akafungua mlango. Basi. Kati ya asubuhi na jioni ulikuwa mchana mzima, na Théodore hakujiuliza mchana huo mama yake aliupitishaje. Aliona tu kwamba chai aliyompelekea saa nne ilikuwa bado kikombeni saa nane, imepoa na kufanya utando juu. Alifikiri wazee hawapendi kunywa. Akaimwaga, akaosha kikombe.

Ndivyo miezi ilivyopita hadi Machi mwaka uliofuata, vita viliporudi mjini kwa nguvu mpya na majeruhi wakajaa. Siku moja alikuja mezani kwake mwanamke mfupi mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa la kijivu. Alikuwa muuguzi wa kituo kidogo cha afya hapo mtaani, mzaliwa wa Butembo, jina lake Vahwere.

"Papa Théodore," alisema, "niko na shida ya pistole."

Kisu cha moto kilimponyoka Théodore. Alitazama barabara, upande huu na upande ule.

"Mama, usitaje kitu kama hicho hapa. Mimi ni fundi wa bidoni. Silaha zimejaa mji mzima, kaulize kwingine."

Vahwere alicheka mpaka akakaa chini juu ya beseni la mteja. Alipopata pumzi alieleza kwamba hilo ni jina la Kifaransa tu, ndivyo walivyofundishwa shuleni: pistole ni kile chombo chenye shingo ambacho mgonjwa mwanaume anakojolea akiwa amelala. Walikuwa navyo vitatu vya bati. Viwili viliondoka na waporaji, na cha tatu kilikuwa kimeoza chini.

"Sasa niko na wanaume kumi na mmoja wamefungwa miguu. Hawawezi kuamka, hawawezi kugeuka. Tunawapa chupa za mafuta tulizokata. Zinawachubua, zinamwagika, godoro zinaoza. Mtu amepona risasi, anakufa kwa vidonda vya mgongo. Kuja uone."

Théodore alikwenda. Chumba kilikuwa kirefu, na ile harufu ilimpokea mlangoni. Wanaume walilala safu mbili. Wengine mguu ulikuwa umeinuliwa kwa kamba iliyopita juu ya ubao, na mwisho wa kamba umening'inizwa mfuko wa mawe, ili mfupa uvutwe ukae mahali pake. Mgonjwa wa namna hiyo hana ruhusa ya kujipindua hata kidogo. Kitanda cha kwanza alilala Delphin, mchimba dhahabu kutoka Mongbwalu, kijana mwenye mabega mapana na paja lililosagwa na risasi.

"Weye ndiye fundi?" Delphin aliuliza. "Mimi nimeingia shimo la mita thelathini bila kuogopa. Lakini hii chupa ya Mama Vahwere naiogopa."

Wagonjwa walicheka. Théodore naye akacheka, na hapo kazi ikaanza.

Chombo cha kwanza alikitengeneza kwa bidoni ya lita tano. Alikipima kwa maji, kikashika vizuri, hakikuvuja. Alikileta kwa fahari. Baada ya saa moja Delphin alikuwa amelowa mpaka kiunoni.

"Papa, weye ulipima ukiwa umesimama," Delphin alisema. "Siye tunalala. Lala."

Kulikuwa na kitanda kimoja kimetoka mtu asubuhi ile. Théodore alilala juu yake akiwa na viatu miguuni, Vahwere akamfunga mguu wa kulia kwa kitambaa ili asidanganye, na wakampa chombo chake mwenyewe kilichotiwa maji. Alikaa pale kitambo kirefu akitazama dari. Aligundua kwamba mkono wa mtu aliyelala una nguvu kidogo, kwamba shingo ya chombo ikielekea mbele maji yanarudi, na kwamba tumbo la chombo likiwa la mviringo linabingirika mara mtu akilitua. Aligundua pia ubaya wa kulala hivyo watu wakipita. Alipofunguliwa mguu alirudi moja kwa moja mezani kwake.

Alikata upya. Shingo aliielekeza juu, ikainama kama shingo ya bata anayetazama nyuma. Upande mmoja aliupasha moto na kuukandamiza juu ya jiwe mpaka ukawa bapa, chombo kikatulia godoroni. Ukingo wa mdomo aliukunja kwa nje, akaupigapiga kwa kidole mpaka ukawa laini kama ukingo wa sikio. Akaweka mpini ambao vidole vinne vinaingia bila kutafuta. Vahwere alimwomba achore na mistari ubavuni, ili ajue mgonjwa ametoa kiasi gani, kwa sababu figo za mtu huonekana katika mkojo wake. Chombo cha nne Delphin alikitumia, akakitua, akafumba macho.

"Hii," alisema, "ni kitu ya heshima."

Kwa muda wa wiki tatu Théodore alitengeneza kumi na viwili. Watu wa kituo walimsifu. Padri alimtaja kanisani bila kutaja chombo chenyewe, maana si kitu cha kutajwa altareni. Théodore, ambaye maisha yake yote alikuwa ameziba vitu vya wengine, alikuwa amebuni kitu chake kwa mara ya kwanza, na furaha hiyo ilimlevya.

Kimoja alikileta nyumbani kumwonyesha mama yake. Mama Hortense alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akapitisha kidole juu ya ukingo.

"Umelainisha vizuri," alisema. "Hii ni ya wanaume."

"Ndiyo, Mama."

"Na wanawake, wao wanafanya namna gani?"

Théodore alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeguswa mahali asipotaka. "Hiyo Mama Vahwere ataona mwenyewe."

Mama Hortense alimrudishia chombo, akageuza macho ukutani. Théodore hakuuliza zaidi. Baadaye, kila alipoirudia siku ile kichwani mwake, aliona kwamba mama yake alikuwa amemfungulia mlango kwa namna pekee aliyoiweza mwanamke wa umri wake, akiuliza habari za wanawake wengine, naye aliufunga kwa kicheko.

Vahwere naye alimwambia, tena bila kuzunguka. Chumba cha wanawake kilikuwa na sita waliovunjika, na beseni la kitandani halikuwafaa, kwa sababu ni lazima mtu anyanyue nyonga ndipo lipite chini. "Ile nyonga ndiyo imevunjika. Mwanamke analia, anang'ata shuka. Nataka kitu kinaingia kwa mbele, bila kumuinua. Utanifanyia?"

"Nitafanya."

Alijaribu mara moja. Alikata bidoni, akaishika mkononi, akajiuliza mdomo uweje. Kwa wanaume alikuwa amejilaza mwenyewe. Sasa alale nani? Angèle alikuwa Beni. Pétronille alikuwa hapo, anapita mbele ya meza mara mbili kwa siku na beseni lake la sombe. Lakini mwanaume ambaye mke wake hayupo, amsimamishe mjane na kumuuliza maneno ya namna hiyo? Na mama yake alikuwa hatua nane kutoka kwenye meza. Huyo hata hakumfikiria. Alikitupa kile kipande chini ya meza.

"Kwanza nimalize vya wanaume," alimwambia Vahwere alipouliza tena. "Ndio wengi."

Ilikuwa kweli, wanaume walikuwa wengi zaidi. Kuna ukweli unaomfaa mtu kuliko uongo, maana hakuna wa kumbishia.

Mei ilipoanza, askari wa Uganda waliokuwa wameushika mji waliondoka, na waliobaki wakaugombea. Risasi zilianza asubuhi na hazikukoma. Watu walibeba magodoro vichwani, wengine kuelekea uwanja wa ndege, wengine kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa, wakalala kwenye matope chini ya mahema ya plastiki. Pétronille alikuja mbio na kifurushi chake.

"Papa Théodore, mimi naenda uwanja wa ndege. Kila mutu anaenda. Mama tutamufanya namna gani?"

"Nitamweka kwenye toroli, tukufuate."

Lakini walipomgusa ili kumnyanyua, Mama Hortense alipiga ukelele ambao Théodore hakuwahi kuusikia kwake.

"Muniache," alisema alipopata sauti. "Mimi nabaki hapa. Pétronille, nenda mwanangu, Mungu akutangulie."

Pétronille alikwenda. Wakabaki wawili, mtu na mama yake, katika nyumba ya vyumba viwili iliyofungwa madirisha.

Siku ya kwanza Théodore alimwekea mama beseni kando ya kitanda, na vitambaa vikuukuu, na maji ya kunawa. Akasema, akiutazama mlango, "Mama, vitu viko hapo. Mimi niko chumba kingine." Akatoka. Baada ya muda akauliza kwa sauti, "Mama, umeweza?"

"Nimeweza," alijibu.

Hakuwa ameweza. Aliyeshindwa kugeuka kwa miezi tisa angewezaje kupanda juu ya beseni peke yake? Beseni lilikuwa kavu, na Théodore aliliona kavu. Alijiambia kwamba labda mama hana haja. Siku ya pili akauliza tena, akajibiwa vile vile. Alimpa uji, mama akala vijiko vitatu. Alimpa maji, mama akalowesha midomo na kusema, "Yatosha, baba, weka kwa ajili yako, maji ni shida siku hizi." Na kweli maji yalikuwa shida. Siku ya nne midomo yake ilikuwa imepasuka, na mwili ulikuwa wa moto. Théodore alifikiri ni malaria, akamsagia kidonge cha mwisho kilichokuwamo ndani.

Siku ya sita, saa sita mchana, risasi zilinyamaza. Théodore alichukua bidoni mbili, akashuka chemchemini akipita nyuma ya nyumba za watu. Hakukawia. Aliporudi, kitanda kilikuwa kitupu.

Alimkuta nyuma ya nyumba. Alikuwa amejiburuta kwa viwiko, kutoka chumbani, kupita mlango wa nyuma, kupita uani, na alikuwa amefika hatua tatu kutoka choo. Alilala ubavu juani, kitenge kimelowa, mguu umekaa upande usio wa mguu.

"Nimechelewa," alimwambia mwanawe. Alisema kama mtu anayeomba radhi kwa mgeni.

Théodore alivua shati, akamfunika. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine duniani, alimwosha. Alimwosha akiwa amefumba macho, akayafumbua, akaendelea. Haikuwa kitu. Mbingu haikuanguka. Ulikuwa mwili wa mzee uliochoka na ulionuka homa, basi, na ngozi ya mgongo ilikuwa imeanza kufunguka mahali pawili.

Toroli ya jirani ilikuwa imebaki uani. Alitandika godoro, akamlaza mama, akamsukuma hadi kituo. Kwenye njia panda vijana wenye bunduki walimsimamisha.

"Umebeba nini?"

"Mama yangu."

Mmoja aliinua shuka, akairudisha upesi, akampa njia.

Vahwere alikuwa bado kituoni. Hakuwa amelala siku nyingi. Alimgusa Mama Hortense paji la uso, akavuta ngozi ya mkono wake kwa vidole viwili, ikabaki imesimama. Akabonyeza mgongo karibu na figo, mama akaguna.

"Siku hizi amekunywa nini?"

Théodore alifungua mdomo, akaona kwamba hajui. Akamgeukia mama yake. "Mama, ulikuwa unakunywa?"

Mama Hortense alifumba macho.

"Si siku hizi tu," Vahwere alisema taratibu. "Hii imeanza zamani. Wengi wanafanya hivi, Papa. Wanajinyima maji ili wasisumbue mutu. Haja inakauka, wadudu wanapanda kwa figo. Wanawake wangu kule ndani, wote sita, nawagombeza kila siku: kunyweni! Wananiambia, tukinywa, tutaenda wapi?"

Hakumlaumu. Hakukumbusha alichomwomba mwezi wa tatu. Alitundika maji ya dawa, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Asubuhi iliyofuata Théodore alileta jiko lake, visu na gunia la plastiki, akaketi kwenye baraza ya chumba cha wanawake, dirishani kwa mama yake. Homa ilikuwa imeshuka kidogo. Aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama," alisema, "nieleze."

"Nikueleze nini?"

"Chombo. Kiwe namna gani. Mimi sijui. Nilipaswa kukuuliza, nikaona haya."

Mama Hortense alimtazama. Halafu akaanza kucheka, kicheko chembamba kilichomuumiza, akajishika ubavu.

"Nilikuzaa mimi," alisema. "Nilikupangusa miaka mbili. Leo unanionea haya?"

Akamweleza. Hakuwa na nguvu za maneno mengi, kwa hiyo alieleza kwa mikono. Mdomo usiwe duara, uwe mrefu kama kiganja. Mbele uinuke, nyuma ushuke kama ulimi, ili upenye chini bila mtu kunyanyuka. Tumbo liwe bapa, la kukaa kati ya mapaja. Wanawake wa vitanda vingine walisikiliza, kisha wakaingilia mmoja baada ya mwingine: usifanye kirefu sana, mguu uliofungwa hautanuki, ukingo usiwe wa plastiki tupu, una baridi na unauma. Théodore alitoka, akachoma kisu.

Cha kwanza kilivuja kwa nyuma. Vahwere alikijaribu nyuma ya pazia la kitenge, akakitoa nje akitikisa kichwa. Cha pili Théodore alikishusha ulimi zaidi, akazungushia ukingo mpira wa ndani wa baiskeli alioupasua na kuushona. Kilishika, ila mpini uligonga paja. Akautoa, akauweka juu. Kabla jua halijainama, chombo kilikuwa tayari.

Vahwere alifunga pazia, na mara hii Théodore hakujitia kupanga kitu chochote. Alisimama tu. Aliusikia mlio mdogo wa maji juu ya plastiki, mrefu, usiokatika, na baadaye pumzi ya mama yake ikishuka. Pazia lilipofunguliwa, Mama Hortense alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Nipe maji ya kunywa," alisema. Akanywa kikombe, akaomba cha pili, akakimaliza. Kisha akakitazama kile chombo kilichokuwa mkononi mwa Vahwere.

"Kumbe," alisema, "ilikuwa kazi ya siku moja."

Hakusema kwa uchungu. Alikuwa anastaajabu tu, kama mtu anayeona njia ya mkato baada ya kuzunguka mlima. Lakini Théodore alilipokea neno lile, na hajalitua mpaka leo.

Mama Hortense alitumia chombo chake siku nne. Alikunywa maji mengi zaidi kwa siku hizo nne kuliko alivyokunywa kwa mwezi. Lakini figo zilikuwa zimekwisha choka, na homa ilirudi kutoka ndani mahali dawa za kituo hazikufika. Siku ya tano asubuhi Théodore alikuwa barazani akilainisha ukingo wa chombo cha mwanamke wa kitanda cha tatu. Vahwere alitoka, akasimama mbele yake, akamtoa kisu mkononi. Walimzika mama mchana huo huo nyuma ya kanisa, watu saba, bila wimbo mrefu, kwa sababu risasi zilikuwa zinasikika upande wa Mudzipela.

Théodore alitengeneza vyombo vya wanawake wote sita, na vingine. Mwezi wa sita askari wa kigeni walitua, mji ukapoa, ndege zikaleta masanduku. Siku moja Vahwere alimwita aone. Ndani ya sanduku vilikuwamo vyombo vyeupe vya kiwandani, vya wanaume na vya wanawake, vimefungwa katika mifuko. Théodore alitoa kimoja cha wanawake, akakigeuza. Kilikuwa na ulimi nyuma, mdomo mrefu, tumbo bapa. Kumbe duniani palikuwa na mtu aliyeuliza zamani. Alikirudisha ndani ya mfuko wake, akafunga vizuri kama alivyokikuta.

Mwezi wa saba, Angèle na watoto wakiwa bado Beni, Pétronille alirudi kutoka kambi ya uwanja wa ndege, amekonda, kifurushi ni kile kile. Alikuwa amekwisha pata habari za msiba. Alikuja akaketi kwenye kibao mbele ya meza ya Théodore, akalia alivyolia, akajipangusa kwa ncha ya kitenge. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, namna mama alivyokuwa akijisaidia baada ya yeye kuondoka. Théodore angeweza kumficha. Alimweleza yote, tangu beseni kavu hadi uani.

Pétronille aliinamisha kichwa. Halafu akasema, "Alikuwa ananiambia. Nusu kikombe asubuhi mimi nikiwa hapo, nusu kikombe jioni nikirudi. Mchana hapana. Aliniambia, usimwambie Théodore, atapata haya. Nikanyamaza. Mimi nilifikiri ni heshima."

"Siye wote tulimuheshimu," Théodore alisema.

Alimweleza na habari ya chombo, na kipande alichokitupa chini ya meza mwezi wa tatu kwa kukosa mtu wa kumuuliza. Pétronille aliinua kichwa.

"Mimi nilikuwa napita hapa kila siku."

"Ndiyo."

"Ungeniuliza," alisema, "ningecheka kwanza. Halafu ningekueleza."